Tiba ya Usemi Iwafikie Wote Visiwani

Miongoni mwa aina za ulemavu zinazowasibu wananchi wetu, iko moja isiyoonekana kwa macho, na kwa kuwa haionekani, haipewi uzito unaostahili. Huo ni ulemavu wa usemi. Asiyeona hushikwa mkono akaongozwa njia, na asiyeweza kutembea hutafutiwa kiti cha magurudumu. Lakini mtoto aliyetimiza miaka minne bila ya kuunga maneno mawili, wazazi wake huambiwa tu kwamba ana ulimi mzito, kwamba baba yake naye alichelewa kusema, na kwamba atasema akikua. Mzee aliyepigwa na kiharusi akashindwa kulitaja hata jina la mkewe hudhaniwa kuwa akili zimemruka. Wote wawili hunyamaziwa, ilhali wote wawili wanaweza kusaidiwa.

Tuseme wazi ni watu gani tunaowazungumzia. Duniani inakisiwa kuwa katika kila watu wazima mia moja, mmoja ana kigugumizi. Katika kila watoto 700 wanaozaliwa, takriban mmoja huzaliwa na mpasuko wa mdomo au wa kaakaa, na hata baada ya kushonwa vizuri na daktari wa upasuaji, aghalabu huhitaji kufundishwa kutamka. Karibu theluthi moja ya wanaopatwa na kiharusi hupotewa na lugha kwa kiasi fulani. Waongezwe hapo watoto wenye mtindio wa ubongo, wenye usonji na wenye uziwi. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 1,889,773 Unguja na Pemba. Ofisa yeyote mwenye kalamu na karatasi ataona kwamba habari hii si ya watu kumi au ishirini. Ni ya maelfu ya wananchi.

Mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha hana kisu wala sindano. Vyombo vyake ni masikio yake, kioo, picha, vitu vya kuchezea, na subira. Kwanza huhakikisha kuwa mtoto amepimwa usikivu, kwani hakuna faida ya kumfundisha matamshi asiyeyasikia. Kisha humfundisha mama namna ya kusema na mwanawe, ili kuoga, kula na kwenda dukani kuwe ni somo. Mwenye kigugumizi humpa njia ya kulianza neno taratibu, na moyo wa kusema mbele za watu bila ya kuona haya. Mgonjwa wa kiharusi humrudishia majina ya vitu moja baada ya jingine, na ikishindikana humpatia ubao wa picha aonyeshe kwa kidole kwamba ana kiu au anaumwa.

Iko na kazi yake nyingine isiyojulikana na wengi, nayo ni kumeza. Karibu nusu ya wagonjwa wa kiharusi hupata taabu ya kumeza katika siku za mwanzo. Uji au maji yakipita njia ya pumzi huteremka mapafuni na kuleta homa ya mapafu, nayo huua. Basi asiseme mtu kwamba tiba hii ni anasa ya wenye nafasi.

Taaluma hii kwa sehemu kubwa imekulia katika vyumba vidogo vya binafsi. Wazee wetu wanaozikumbuka sarafu za shilingi zilizotumika visiwani zama za ukoloni waliiona humo sura ya Mfalme George wa Sita wa Uingereza. Mfalme huyo alikuwa na kigugumizi kikubwa. Mwaka 1926, akiwa bado mwana wa mfalme, alikwenda kwa Lionel Logue, Mwaustralia asiyekuwa daktari, aliyekodi chumba katika mtaa wa Harley, London. Kwa mazoezi ya pumzi na sauti, yaliyoendelea kwa miaka, alimwezesha mtu aliyeogopa hotuba kuwahutubia watu wake kwa redio wakati wa vita. Hapa tunapata mafunzo mawili. La kwanza, chumba kidogo chaweza kufanya kazi kubwa. La pili, mgonjwa yule alikuwa mwana wa mfalme, wala nauli haikuwa shida kwake.

Katika Afrika Mashariki taaluma hii ni changa. Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kilianza kuifundisha kwa daraja la shahada mwaka 2008, kikiwa cha kwanza katika eneo letu, na katika miaka ya karibuni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili nacho kimeianzisha. Waliofuzu bado ni wachache mno. Nafasi za ajira Serikalini nazo ni chache, na kwa hiyo wengi wao hujikusanya wawili watatu mjini, wakakodi vyumba na kutibu kwa malipo. Hatuwalaumu. Kodi ya nyumba hailipwi kwa nia njema, na lau si wao, taaluma yenyewe isingejulikana. Lakini hatuwezi kufumba macho tukaacha kutazama ni nani anayeufikia mlango wao, na ni nani asiyeufikia.

Tiba ya usemi si ya siku moja. Huhitaji kuonana na mtaalamu kila wiki, pengine kwa miezi, pengine kwa miaka. Mkaazi wa Micheweni anayetaka kumpeleka mwanawe Dar es Salaam hana budi kupanda gari hadi bandarini, kisha boti mpaka Unguja, kisha boti nyingine, halafu atafute pa kulala, na mwisho alipe ada ya tiba. Mara ya kwanza atakwenda kwa akiba yake. Mara ya pili atauza mbuzi. Mara ya tatu hatakwenda, na yote aliyoyapata mtoto katika safari mbili yatapotea. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Miaka ya mwanzo ya mtoto ndiyo miaka ya lugha, na miezi ya mwanzo baada ya kiharusi ndiyo yenye matumaini makubwa zaidi. Muda huo haungoji fedha zipatikane.

Mwaka 1965 Serikali ya Mapinduzi ilitangaza matibabu bila ya malipo, kwa msingi kwamba maradhi hayachagui mfuko wa mtu. Kwa upande wa Tanzania Bara, sheria ya mwaka 1977 ilipiga marufuku tiba ya binafsi kwa ajili ya faida, na mwaka 1991 milango hiyo ikafunguliwa tena. Hatuoni haja ya kurejea mjadala huo. Tiba ya binafsi ipo, na itaendelea kuwepo. Lililobaki ni kuifanya imtumikie mwananchi aliye mbali kama inavyomtumikia aliye karibu na mwenye uwezo.

Kwa hivyo tunaishauri Serikali mambo yafuatayo. Kwanza, wataalamu wa tiba ya usemi waingizwe katika ikama ya hospitali zetu kubwa, Mnazi Mmoja kwa Unguja, na Abdalla Mzee kwa Pemba, na vijana wetu wapewe udhamini wa masomo kwa sharti la kurudi kutumikia visiwani. Pili, kwa kuwa kusomesha huchukua miaka, Wizara ya Afya ifunge mikataba na wataalamu wa binafsi waje Unguja na Pemba kwa zamu zinazojulikana, na gharama zao zibebwe na Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2023. Kumleta mtaalamu mmoja kwa watoto thelathini ni rahisi kuliko kuwavusha bahari watoto thelathini na mama zao.

Tatu, pawe na usajili madhubuti. Wataalamu wa Uingereza waliungana katika chuo kimoja cha taaluma yao mwaka 1945 ili pawe na kipimo kimoja cha kufuzu. Nasi tusimwachie kila mwenye kibao mlangoni auze ahadi za kumponya mtoto kwa wiki moja. Nne, wauguzi, walimu wa skuli za maandalizi na masheha wafundishwe dalili za kuangalia, ili mtoto atambuliwe mapema.

Tano, na hili tunalitilia mkazo, vipimo vyenyewe viwe vya Kiswahili. Vilivyotungwa kwa watoto wa Kiingereza havina habari ya ngeli zetu, wala ya neno linaloanza kwa sauti ya ng'ombe. Tena mtaalamu azijue lahaja za hapa. Mtoto wa Makunduchi asemaye Kikae, au wa Tumbatu asemaye Kitumbatu, hana kasoro ya usemi, kwani hiyo ndiyo lugha ya wazee wake. Kazi hiyo haitafanywa vizuri na mgeni wa lugha, na hii ni sababu nyingine ya kuwasomesha wenyeji.

Haya hatuyaombi kama hisani. Jamhuri ya Muungano iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na kifungu chake cha 26 kinazitaka nchi ziimarishe huduma za utengemao, karibu na pale watu wanapoishi, vijijini pamoja. Zanzibar yenyewe ilikuwa imetangulia kutunga sheria yake ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2006. Neno limekwisha kutolewa. Kilichobaki ni vitendo.

Kwa wataalamu wenyewe tunasema kwamba chumba chao, hata kiwe kidogo, ni sehemu ya afya ya taifa. Watenge siku kwa ajili ya wasio na uwezo, na kila wanapomtibu mtoto wamfundishe mzazi, ili ujuzi ubaki nyumbani boti inapoondoka. Wazazi nao tunawasihi wasione haya wala wasingoje. Mtoto asiyesema apelekwe kituo cha afya leo, akapimwe masikio kwanza.

Katika visiwa hivi, vinavyosifika kwa ufasaha wa lugha, ni aibu yetu sote iwapo asiyeweza kusema ataachwa bila ya wa kumsemea. Wizara ya Afya inapoandaa bajeti yake ijayo, waheshimiwa wajumbe wa Baraza la Wawakilishi waulize: fungu la tiba ya usemi liko wapi?