Si Upepo Peke Yake Uliowazuia Wamongoli



Wengi wetu tumefundishwa jinsi Hulagu alivyoiteketeza Baghdad mwaka 1258 na kumuua Khalifa Al-Musta'sim, na jinsi jeshi la Misri lilivyowavunja Wamongoli pale Ain Jalut mwaka 1260. Ni wachache wanaojua kuwa Kublai Khan, ndugu yake Hulagu, naye alikwama upande wa pili wa Asia, tena baharini, na waliomkwamisha ni Wajapani. Hao wachache nao ukiwauliza Wajapani waliokolewa na nini, watakujibu kwa neno moja: upepo. Mimi nasema hilo ni nusu ya jibu.

Mwaka 1274 majeshi ya Kublai yalivuka kutoka Korea, yakavipiga visiwa vya Tsushima na Iki, kisha yakashuka kwenye ghuba ya Hakata. Wajapani walipigana wakarudishwa nyuma. Punde wavamizi wakapanda merikebu zao na kuondoka.

Sasa tazama walichofanya wenyeji. Walijua adui atarudi, na hawakukaa kuingojea bahari iwasaidie. Mwaka 1276 walianza kujenga ukuta wa mawe kandokando ya ghuba ile, urefu wake kilomita 20 hivi, kimo mita 2 hadi 3. Majimbo ya Kyushu yaligawiwa kila moja sehemu yake ya kujenga na kuilinda. Mabaki yake yapo hadi leo mjini Fukuoka.

Kublai akarudi mwaka 1281 kwa misafara miwili, mmoja kutoka Korea na mwingine kusini mwa China. Vitabu vya kale vinataja watu 140,000, hesabu ambayo wanahistoria wengi wanaona imetiwa chumvi. Msafara wa Korea ulifika Hakata mwezi Juni, ukaukuta ukuta. Pa kushukia hapakuwa tena kama zamani. Usiku Wajapani waliwaendea kwa mashua ndogo, wakapanda merikebu zao na kuzitia moto. Hata misafara miwili ilipokutana, Agosti iliingia wangali majini, na hapo ndipo kimbunga kilipowakumba karibu na kisiwa cha Takashima.

Upepo ni wa Mwenyezi Mungu, hilo halina ubishi. Lakini je, pasingekuwa na ukuta, kimbunga kingewakuta wapi? Kingewakuta nchi kavu, wamelala ndani ya nyumba za watu wa Hakata!

Takezaki Suenaga, mpiganaji wa vita vyote viwili, alichoresha picha za mambo aliyoyashuhudia. Katika picha moja anapita na farasi wake mbele ya ukuta, na watu wameketi juu yake.

Lakini baada ya vita mahekalu yalidai malipo kwa maombi yao, na wapiganaji wengi hawakupata ardhi waliyoitarajia, maana vita vya kujihami havina nyara. Hadithi ya kamikaze, yaani upepo wa miungu, ikazidi kukua. Mwaka 1944 wakubwa wa jeshi la Japani walilichukua jina hilo wakawapa marubani waliotumwa kujibamiza na ndege zao kwenye manowari za Marekani. Walikufa kwa maelfu, wengi wao vijana wasiofika hata miaka 25, na mwaka uliofuata Japani ikasalimu amri.