Kumnyima Mnyama Dawa Si Kilimo Hai

Imani iliyoenea kuhusu ufugaji wa kilimo hai ni kwamba mfugaji akishaacha sindano na chanjo, kazi imekwisha. Ng'ombe akinyweshwa mwarobaini na kuku wakiwekewa shubiri kwenye maji, maziwa na mayai huhesabiwa kuwa safi. Imani hiyo ni potofu. Anayeanza kulipa gharama yake ni mnyama, kisha mfuko wa mwenye mnyama.

Kanuni zenyewe za kilimo hai hazisemi hivyo. Shirikisho la kimataifa la kilimo hai, IFOAM, linakataza kumwacha mnyama ateseke kwa kunyimwa tiba, hata kama tiba hiyo itamfanya apoteze hadhi ya kilimo hai. Umoja wa Ulaya unaruhusu viuavijasumu pale njia nyingine zinaposhindwa, lakini muda wa kusubiri kabla ya kuuza maziwa au nyama huongezwa mara mbili. Sheria ya Marekani ni kali zaidi: mnyama aliyepewa viuavijasumu hauzwi tena kama wa kilimo hai. Hata hivyo sheria hiyohiyo inaruhusu chanjo, na inapiga marufuku kumnyima mgonjwa dawa ili kulinda nembo. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mazao ya kilimo hai, kilichopitishwa mwaka 2007 pamoja na nembo ya Kilimohai, nacho kilijengwa juu ya misingi ya IFOAM.

Mabogini, kata iliyo tambarare kusini mwa mji wa Moshi, inaonyesha kwa nini misingi hiyo haikutungwa bure. Maradhi ya mahali hutokana na mazingira ya mahali, nayo mazingira ya Mabogini ni joto, kupe na maji ya mifereji.

Ndigana kali huenezwa na kupe, na huua hasa ng'ombe wa kisasa na machotara, ambao ndio wenye maziwa mengi. Kumfungia ng'ombe bandani hakumwepushi moja kwa moja, kwa sababu kupe huweza kuingia pamoja na mzigo wa majani. Ugonjwa ukishapanda, mnyama huvimba tezi, huhema kwa shida na kufa kwa muda mfupi. Hakuna mitishamba iliyothibitika kuuponya. Kinga ya kudumu iliyopo ni chanjo iliyobuniwa Muguga, Kenya, ambayo ng'ombe huchanjwa mara moja tu maishani. Mnyama hupewa vimelea hai vya ugonjwa, na papo hapo huchomwa kiuavijasumu cha oksitetrasaiklini kinachodumu mwilini ili vimelea hivyo visimzidi nguvu. Anayekataa kila kiuavijasumu kwa jina la asili huwa ameikataa na kinga hiyo, na sindano moja aliyoiepuka humwachia utegemezi mkubwa zaidi wa dawa za kuogesha kwa maisha yote ya ng'ombe.

Minyoo ya ini ina njia nyingine. Skimu ya umwagiliaji ya Moshi Chini, iliyokamilika mwaka 1987, iliifanya Mabogini kuwa nchi ya mpunga. Penye majaruba na mifereji hukaa konokono wa majini, na ndani ya konokono hukua vijidudu ambavyo baadaye hujibandika kwenye majani ya kandokando. Ng'ombe akila majani hayo mabichi, minyoo huingia hadi kwenye ini. Kwa kuwa nyasi za tambarare husombwa mpaka mlimani Kilimanjaro kulisha ng'ombe wa vihamba, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, ugonjwa nao unaweza kupanda mlima. Hapa kilimo hai kina jibu lake halisi: kukata majani mbali na ukingo wa maji, kuyaanika juani hadi yakauke kabisa, na kutowapeleka ndama kwenye majaruba yenye unyevu. Lakini mnyama ambaye tayari amevimba chini ya taya na kukonda anahitaji dawa ya minyoo.

Kwa kuku wa kienyeji, adui ni mdondo, unaoweza kufagia banda zima kwa siku chache. Ni ugonjwa wa virusi: sindano za viuavijasumu haziutibu, na shubiri haiutibu. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa Kibaha, huvumilia joto kuliko chanjo za zamani na hutolewa tone moja jichoni, ikirudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Kuikataa hakumletei mlaji usalama wowote.

Hoja kwamba cha asili hakidhuru nayo haisimami. Utupa, mmea ambao baadhi ya wafugaji huutumia kuua kupe, ndio uleule unaotumika kulewesha samaki mitoni. Ukisuuzwa kwenye mfereji wa Mabogini, hautabagua kupe na perege. Sumu iliyosagwa kinuni inahitaji kipimo na tahadhari kama sumu ya chupani.

Hofu ya dawa ina chanzo cha kweli. Wapo wafugaji wanaonunua oksitetrasaiklini dukani, wakachoma kwa kukisia, wakakatisha dozi na kuuza maziwa jioni ileile. Mabaki humfikia mlaji, na vimelea hujenga usugu. Kosa hilo hurekebishwa kwa kipimo cha daktari wa mifugo, dozi kamili na kumwaga maziwa hadi muda wa kusubiri uishe. Kususia dawa kunaacha chanzo cha ugonjwa palepale.

Ufugaji wa kilimo hai hupimwa kwa kazi inayofanyika kabla mnyama hajaugua. Ndama apate dang'a ndani ya saa chache za kwanza. Mgomba, ambao sehemu kubwa ni maji, na majani makavu ya mpunga, yasiyo na protini ya kutosha, viongezewe lukina, desmodiamu au mashudu. Sakafu ya banda iwe kavu, kiwele kioshwe na kukaushwa kabla ya kukamua, na kupe wakaguliwe masikioni kila siku. Kazi hiyo ndiyo inayopunguza mahitaji ya dawa. Mfugaji asiyeifanya, kisha akajisifu kwa kutotumia sindano, anafuga kwa kubahatisha, na hana haki ya kuuita ufugaji wake kilimo hai.