MADAWATI YA WATOTO WETU



Mtaala wa Umilisi, ulioanza Gredi ya 1 kote nchini mwaka 2019, wataka watoto wafanye kazi kwa vikundi, wabuni vitu, waulizane. Maneno mazuri. Lakini ukiingia darasani wayakuta madawati ya zamani: benchi limeunganishwa na meza, watoto watatu au wanne wamebanwa, kila mmoja atazama kisogo cha mwenzake. Watashauriana vipi? Dawati lenyewe ni zito, mwalimu peke yake hawezi kuligeuza. Tumewaona watoto wakishuka sakafuni ili wachore pamoja.

Serikali ilipoagiza madawati kwa mafundi wa jua kali mwaka 2020 tulifurahi, maana fedha zilibaki kwetu. Ila fundi hupewa kipimo tu, haulizwi neno. Seremala yeyote ajua kutengeneza meza nyepesi na viti vya kusogezwa. Bei yaweza kupanda kidogo, hatukatai.

Twataka kabla ya agizo lingine mwalimu na fundi waketi pamoja, na meza ya mfano ijaribiwe darasani muhula mzima. Wanachama walio katika kamati za shule walipeleke jambo hili kwenye mkutano ujao.