MAARIFA YA KAZI: Kusawazisha Nuru Katika Picha za Michoro

Katika Fort Jesus, kisiwani Mombasa, mna michoro ya ukutani iliyofanywa na Wareno, walioanza kuijenga ngome hiyo mwaka 1593 na kunyang'anywa na Waarabu wa Oman mwaka 1698. Waliichora kwa makaa na udongo mwekundu: merikebu, watu na samaki. Kazi ya namna hii hufifia kwa miaka, na picha njema ya kamera ni ushahidi wake.

Mchoro wa ukutani haubebeki kupelekwa kivulini kama ule wa turubai. Na aghalabu nuru huingia kwa dirisha moja au mlango mmoja tu, kama ilivyo katika nyumba nyingi za mawe za Mji wa Kale. Ndipo upande mmoja wa picha hung'aa na wa pili hutiwa giza. Atakayeitazama picha hiyo akiwa mbali hatajua kama weusi ule ni upungufu wa nuru au ni makaa ya mchoraji.

Yafaa kulizuia kosa kabla ya kulisahihisha. Weka taa mbili za namna moja, moja kila upande, kwa umbali ulio sawa, zikiuelekea ukuta kwa pembe ya nyuzi 45 hivi. Usizisogeze karibu mno, maana umbali wa taa ndogo ukizidi mara 2, nuru inayofika huwa robo tu. Taa ya kamera yenyewe isitumiwe. Huacha mng'ao katikati.

Ikiwa taa hazipatikani, iko njia ya hesabu. Simamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, isitikisike, upige picha ya mchoro. Kisha watu wawili wanyoshe shuka jeupe lisilong'aa mbele ya mchoro, karibu nao, bila kuugusa ukuta wala kutia kivuli. Lipige picha kwa vipimo vile vile vya kamera. Kwa kuwa shuka lote ni jeupe sawasawa, giza litakaloonekana juu yake ni la nuru peke yake. Tuseme upande wa mlango limepokea sehemu 100 za nuru, na upande wa ndani sehemu 50. Basi programu ya kompyuta huzidisha nuru ya upande wa ndani mara 2, na kila mahali kwa kadiri yake. Njia hii huondoa hata giza la pembeni liletwalo na lenzi.

Zamani fundi wa picha alifanya kazi hii katika chumba cha giza, akiikinga karatasi kwa kiganja na kukisia kwa jicho. Leo wengi hukisia vivyo hivyo kwa simu. Makisio hayo yatosha kwa picha ya arusi. Kwa ushahidi hayafai, maana mkono unaofuta giza waweza kufuta pia mstari mwembamba wa udongo mwekundu, na asiyeuona ukuta wenyewe hatajua kwamba ulikuwapo.

Hata hesabu ina mpaka. Mahali palipoungua kwa mwanga au kumezwa na giza hapana cha kuzidisha. Ni lazima kupiga upya. Kwa hiyo weka picha tatu pamoja: ya asili isiyoguswa, ya shuka, na iliyosawazishwa, ukiandika tarehe na mahali. Mwenye shaka atakuwa na njia ya kuhakikisha.