Waliomaliza Shule Wako Wapi?



Kila unapofika mwezi wa Januari, Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, mitaa yetu ya Rahaleo hupata jambo moja la kuzungumzwa. Barazani, sokoni na nje ya milango ya misikiti husikika hesabu za daraja la kwanza, la pili na la tatu, pamoja na masikitiko juu ya wale waliopata sifuri. Mzazi ambaye mwanawe amefaulu hupewa mkono wa pongezi, na yule ambaye mwanawe ameanguka hupita njia ya uchochoroni. Baada ya wiki mbili tatu mazungumzo hayo hupoa, na tangu hapo hapana anayeuliza tena. Yule aliyefaulu aliishia chuo gani? Yule aliyeanguka anajipatiaje riziki? Ikipita miaka mitano au kumi, jumuiya iliyomlea kijana huyo haina jibu la kutoa.

Hilo ndilo jambo tunalopenda kulizungumza katika toleo hili.

Mnamo Januari 2023 Baraza la Mitihani lilieleza kwamba halitataja tena shule kumi bora wala wanafunzi bora kitaifa. Wako waliosikitika, wakaona kwamba ushindani umeuawa. Sisi twaona kwamba imefunguliwa nafasi ya kutafuta kipimo kilicho cha haki zaidi. Shule inayochuja watoto mlangoni na kupokea tu wale wenye alama za juu si ajabu ikaongoza. Shule ya kata inayompokea kila mtoto wa mtaa, pamoja na yule asiyekula asubuhi na yule asiye na taa ya kusomea usiku, hukaa mkiani mwa orodha hata kama imefanya kazi kubwa kuliko ile ya kwanza. Yafaa basi tuulize jambo jingine: watu waliopita katika shule hiyo wamekuwa nani, na wamewafaa nini wenzao?

Tutoe mfano wa hapa hapa kwetu kusini. Benjamin William Mkapa alizaliwa mwaka 1938 Lupaso, katika wilaya ya Masasi. Alisoma Lupaso, akapita Ndanda na Seminari ya Kigonsera, akaenda Pugu, kisha Chuo cha Makerere ambako alipata shahada yake mwaka 1962. Baada ya hapo alisoma Chuo Kikuu cha Columbia kule Marekani. Akawa mhariri wa magazeti, balozi, Waziri wa Mambo ya Nje, Waziri wa Sayansi, Teknolojia na Elimu ya Juu, na hatimaye Rais wa nchi kuanzia mwaka 1995 hadi 2005. Alifariki dunia Julai 2020.

Wengi wetu twaijua orodha hiyo ya vyeo. Ila cheo ni sehemu ndogo ya mafanikio ya mhitimu. Tutazame alichowafungulia waliokuja nyuma yake. Katika uongozi wake ada ya shule za msingi iliondolewa chini ya mpango wa MMEM ulioanza mwaka 2001. Mwaka 2004 ukaanza mpango wa MMES, uliosambaza sekondari za kata hadi katika vijiji ambavyo havikuwahi kuwa na sekondari. Mwaka huo huo ikatungwa sheria iliyounda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Nasi Waislamu tunayo sababu ya pekee ya kukumbuka: Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro, kilichoanza kufundisha mwaka 2005, kiko katika majengo yaliyokuwa ya chuo cha TANESCO, ambayo serikali ya Rais Mkapa, aliye Mkatoliki, iliyakabidhi kwa taasisi ya Waislamu. Mtoto wa kijiji cha Masasi alipanda ngazi ya elimu, na alipofika juu akawashushia wengine ngazi hiyo hiyo.

Wa pili ni Bernard Membe, mzaliwa wa Rondo mkoani Lindi, aliyesoma Seminari ya Namupa, akaendelea na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, akawa Waziri wa Mambo ya Nje kuanzia mwaka 2007 hadi 2015. Alifariki Mei 2023. Hivyo kusini hii ambayo wengine huiita ya nyuma imetoa mawaziri wawili wa mambo ya nje kutoka katika shule zilizo umbali wa safari ya saa chache kutoka hapa Mtwara.

Lakini hapana budi tuseme ukweli wote. Wote wawili walitoka katika shule za misheni. Wamisionari wa Kibenediktini walifika Ndanda tangu mwaka 1906, na Waanglikana walikuwa na shule yao Chidya. Wazee wetu wengi wa pwani, kuanzia Mikindani hadi Msimbati, walisita kuwapeleka watoto huko kwa kuchelea dini yao, na hofu yao haikuwa ya kuzua tu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ndiyo iliyozitia shule hizo mikononi mwa serikali na kuzifungua kwa watoto wa dini zote. Leo Ndanda na Chidya ni shule za serikali. Zaidi ya nusu karne imepita. Sababu waliyokuwa nayo babu zetu sisi hatuna tena, na mwenye kuendelea kuitaja kama udhuru wa mwaka huu anamdhulumu mwanawe.

Aidha tusije tukadanganyika na majina makubwa. Shule ikitoa Rais mmoja na ikawaacha mamia bila stadi yoyote, haijafanikiwa. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini imejengwa Mitengo, hapa hapa Mtwara. Je, wauguzi, wafamasia na mafundi wa maabara wanaohitajika pale watatoka katika madarasa ya nani? Bandari imepanuliwa, makarani wa forodha na waendesha mitambo watatoka wapi? Korosho zetu hupita katika maghala na minada. Mhasibu wa chama cha msingi ni mwana wa nani? Kijana aliyemaliza kidato cha nne kwa daraja la nne, akasoma umeme VETA Mtwara na leo ameajiri wenzake wawili, ni mhitimu aliyefanikiwa. Binti aliyesomea ualimu katika vyuo vyetu vya Mtwara au Kitangali na sasa anafundisha hisabati Nanyamba, huyo pia ni fahari ya shule yake. Mbona majina yao hayatajwi popote?

Tunasema haya kwa kuwa tumeshaona gharama ya kutojali. Matokeo ya mtihani wa mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yaliwapa sifuri zaidi ya nusu ya watahiniwa nchini, hata serikali ikaamuru yapangwe upya. Mei ya mwaka huo mji wetu ukaingia katika ghasia za gesi. Watu walipoteza maisha na mali ziliteketea. Hatusemi kwamba jambo la kwanza lilizaa la pili. Twasema kwamba gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na bomba la kuipeleka Dar es Salaam likakamilika mwaka 2015. Kati ya miaka hiyo kulikuwa na zaidi ya miaka thelathini ya kuwaandaa wachomeleaji, mafundi mitambo, wahandisi na wanasheria kutoka miongoni mwa watoto wetu. Serikali ina sehemu yake ya lawama katika hilo, na sisi wazazi na viongozi wa jumuiya tuna yetu. Kazi zilipokuja zilidai vyeti, na wengi wa vijana wetu hawakuwa navyo.

Je, ni nini hasa kinachomkwamisha kijana wa Rahaleo? Akili anayo. Ada ya sekondari ya serikali imeondolewa hadi kidato cha nne tangu Januari 2016, na hadi kidato cha sita tangu mwaka 2022. Hata binti aliyepata ujauzito ameruhusiwa kurudi shuleni tangu Novemba 2021. Mara nyingi kinachomkwamisha ni mambo mawili, nayo yote yamo katika uwezo wetu.

La kwanza ni kukosa wa kumwelekeza. Mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu hutakiwa awe na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Yatima hutakiwa alete na cheti cha kifo cha mzazi. Fomu hutakiwa itiwe saini na kiongozi wa serikali ya mtaa na kupigwa muhuri wa mwanasheria. Na dirisha la maombi lina siku ya kufungwa. Mtoto wa mwalimu huyajua haya akiwa bado kidato cha tano. Mtoto wa mvuvi huyasikia siku mbili kabla ya dirisha kufungwa, cheti chake hakijaombwa, na anayemwuliza naye hajui. Ni hivyo hivyo kwa fomu za kuchagua tahasusi na vyuo, na kwa ufadhili wa Samia ulioanzishwa mwaka 2022 kwa waliofanya vizuri katika masomo ya sayansi kidato cha sita. Mtu mmoja aliyetangulia, akikaa na vijana hao saa mbili tu, angeweza kuwaokolea mwaka mzima.

La pili ni mpangilio wa fedha zetu. Korosho huuzwa kuanzia Oktoba hadi Januari, na huo ndio wakati wa fedha kuonekana Mtwara. Gharama za chuo, yaani nauli, malazi, godoro na malipo ya kujisajili, hudaiwa katikati ya mwaka na mwezi wa Oktoba kabla mnada haujawafikia wengi. Fedha za Desemba zimekwishakwenda wapi ifikapo Julai? Kila mmoja wetu anajua ngoma ngapi za unyago na jando, na karamu ngapi za harusi, zilizimaliza. Hatupingi furaha ya wazazi. Tunauliza iwapo familia inayoweza kulisha wageni mia tatu kwa siku mbili ingeshindwa kuweka kando gunia mbili za korosho kwa jina la binti anayesubiri chuo cha uuguzi. Haba na haba hujaza kibaba.

Kutokana na haya tunatoa mapendekezo matatu.

Kwanza, kila sekondari katika kata zetu, pamoja na shule zinazoendeshwa na taasisi za Kiislamu, iwe na daftari la wahitimu. Liandikwe jina, mwaka wa kumaliza, chuo alichokwenda mhitimu na kazi anayoifanya, na liwe na nafasi ya habari mpya kila baada ya miaka mitatu. Waandikwe wote, pamoja na walioanguka, maana hao ndio watakaotuonyesha palipovuja. Kazi hii haihitaji mfadhili. Yahitaji daftari gumu, mwalimu mmoja na wazee wawili wa mtaa wenye kumbukumbu nzuri. Lihifadhiwe kwa heshima, na habari za mtu zisitangazwe bila idhini yake.

Pili, wahitimu warejee. Iwepo siku moja Januari, matokeo yanapotoka, na nyingine kati ya Mei na Julai, ambapo waliotangulia watakaa na wadogo zao na kuwaonyesha fomu, tarehe na njia. Aje muuguzi, aje fundi umeme, aje mhasibu, si mheshimiwa peke yake. Mwanafunzi wa kidato cha tatu akimwona dada aliyekaa katika dawati lake lile lile akieleza jinsi alivyofika Muhimbili, ataamini kwamba njia ipo.

Tatu, kamati za misikiti na madrasa zifungue mfuko mdogo wa safari ya chuo, uchangiwe wakati wa minada na utumike wakati wa kujisajili. Hesabu zake zisomwe hadharani baada ya sala ya Ijumaa, ili asipatikane wa kutia shaka.

Kwenu mliosoma hapa na sasa mko Dar es Salaam, Dodoma, Muscat au kwingineko, tuna neno moja. Wahenga walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Hatuwaombi mrudi kuishi. Tunawaomba muandike majina yenu katika daftari la shule iliyowafundisha kusoma, na kila mwaka mmshike mkono kijana mmoja, mmoja tu, mpaka apite mlango wa chuo. Ninyi mnajua mlishikwa mkono na nani.

Na kwenu walimu, wengi mnaofundisha madarasa yenye watoto kupita kiasi kwa vifaa vichache, jumuiya inadaiwa shukrani. Daftari hilo litakapojaa, litakuwa ushahidi wa kazi yenu ambao hakuna orodha ya mtihani iliyowahi kuutoa.

Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa, na atujaalie sisi kuwa wenye kuwauliza walikofika. Amin.