Mahame Yasiyo na Mawe

Msomaji atakayeitafuta Kilwa Kisiwani katika toleo hili la majengo matakatifu ya kale ataikosa. Hatuidharau. Msikiti wake Mkuu, ulioanzishwa karne ya 11 na kupanuliwa kwa kuba na matao karne ya 14, ni kazi ya mafundi hodari, na matumbawe na chokaa vimeutunza hadi leo. Lakini magofu ya aina hiyo, kama mahekalu ya mawe ya Hampi kule India, yametuzoeza kuamini kwamba pasipo na jiwe lililochongwa hapakuwa na usanifu.

Ndiyo maana tunaanzia Tinde, Usukuma, mkoani Shinyanga. Usukuma una majabali tele, ila waliojenga huku walitumia miti, udongo na nyasi, na walijua wanachokifanya. Paa la msonge lilishushwa chini ili mvua isiufikie ukuta wa udongo. Uani vilisimama vijumba vya masamva, mizimu ya ukoo, vidogo kiasi kwamba mtu mzima hakuweza kusimama ndani. Hapo ndipo sadaka ilipowekwa. Boma zima lilizungushiwa minyaa. Nani alikaa wapi, ng'ombe walilala wapi, wazee waliokufa walitengewa sehemu gani: yote hayo yalipangwa, na mpango wa namna hiyo unastahili kuchorwa kama tunavyochora msikiti.

Mwaka 1963 utawala wa watemi, yaani machifu, ulifutwa kisheria, na nyumba za ngoma zao za utawala zikapoteza waliowajibika kuziezeka. Miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ikahamisha kaya nyingi mno mkoani Shinyanga. Vijumba vikaanguka. Kwenye mahame mengi kilichosalia ni mstari wa minyaa.

Sheria ya Tanzania ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Mengine yanasubiri tangazo la waziri. Kwa kipimo hicho nyumba ya nyasi haitazeeka kamwe, kwa kuwa paa lake hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Waganda wanapima vingine. Huko Kasubi, Kampala, jumba la makaburi ya makabaka, wafalme wa Buganda, lilijengwa 1882, likaingia Urithi wa Dunia 2001, likateketea kwa moto Machi 2010. Limejengwa upya, na kazi ya kuezeka ni ya ukoo wa Ngeye, kama zamani. Mwaka 2023 UNESCO ililitoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kinacholindwa pale, kwa maoni yetu, ni ufundi pamoja na watu wenye wajibu wa kuutumia.

Tunaomba hivyo hivyo kwa Tinde na vijiji jirani: halmashauri na vyuo vyetu vya usanifu vipime mahame kabla trekta halijang'oa minyaa, na mafundi wa kuezeka walipwe ili wafundishe vijana.