Kutembea bila mzigo kichwani



Jumanne tarehe 21 Julai 2020, Rais alitangaza mwisho wa hali ya dharura iliyoanza tarehe 24 Machi. Maduka yalifunguliwa. Ilipangwa wanafunzi wa madarasa ya mwisho warudi shuleni tarehe 3 Agosti, na makanisa yafungue milango tarehe 15 Agosti. Kila mtu hapa Goma alikuwa anahesabu kile alichopoteza katika miezi ile minne. Sisi pia tumehesabu. Lakini leo tunataka kuwaeleza juu ya kitu kimoja ambacho tulikipata, na ambacho hatutaki kukirudisha: nusu saa ya kutembea peke yetu kila asubuhi, katika bustani ndogo ya kartie.

Tunaandika «sisi» kama tulivyozoea hapa, kwa sababu jambo la mama mmoja mara nyingi ni la wengi. Ila asubuhi zile hakuna mtu aliyekuwa pembeni yetu.

Mnajua jinsi mambo yalivyoanza. Mwezi wa tatu mpaka ulifungwa. Sisi tulikuwa kati ya wale waliovuka Petite Barrière kila siku, kwenda Gisenyi kutafuta karoti, vitunguu na maziwa, na kurudi kuuza upande huu kabla jua halijawa kali. Siku moja tulilala tukiwa wachuuzi, siku ya pili tukaamka tukiwa watu wa kukaa nyumbani. Shule zilikuwa zimefungwa, makanisa vilevile. Watu zaidi ya 20 hawakuruhusiwa kukusanyika, kwa hiyo hata likirimba yetu haikuweza kukutana. Kashene zikawa lazima. Kunawa mikono hakukutushangaza, kwani tangu Ebola vidumu vya kunawia vilikuwa mbele ya kila mlango. Kilichotushangaza ni nyumba yenyewe. Hatukujua kwamba vyumba viwili ni vidogo namna ile, mpaka watu wanane walipokaa ndani yake kutwa.

Jioni moja ya mwezi wa nne, binti yetu wa pili, mwenye miaka kumi na mmoja, alimwaga unga wa bugali. Ulikuwa unga wa siku mbili. Tulichukua mwiko na tukampiga. Tukampiga tena. Hatukumpiga kwa sababu ya unga tu. Tulimpiga kwa sababu ya mpaka, ya deni la likirimba, ya baba watoto aliyerudi na moto bila abiria, ya kelele za siku nzima. Mtoto hakulia. Alitutazama tu, kama anavyomtazama mtu wa njiani asiyemjua.

Usiku ule hatukulala. Moyo ulipiga mpaka tukausikia masikioni. Asubuhi tulienda kituo cha afya tukiwa na maumivu ya kichwa, tukidhani ni malaria. Muuguzi alipima tansio: 16 kwa 10. Alituambia kwamba kuanzia 14 kwa 9 mtu anahesabiwa kuwa na tansio ya juu, na kwamba yetu ilikuwa imevuka. Alitupangia siku ya kurudi kupimwa tena, akasema tupunguze chumvi na mchemraba ule wa kukolezea mchuzi, kisha akasema neno lililotuchekesha: «Na utembee, Mama. Nusu saa, kila siku.»

Kutembea! Sisi ambao tumetembea maisha yetu yote! Tukamwambia: «Mama muganga, miguu yetu imechoka kwa kutembea.» Akajibu: «Hiyo ilikuwa kubeba. Mimi nasema kutembea.»

Neno hilo tulirudi nalo nyumbani.

Siku ya kwanza tulitoka saa kumi na mbili kasoro, kukiwa kumepambazuka, watoto bado wamelala. Bustani ile wengi wenu mnaweza kuiona hata bila kuitajiwa jina, kwa sababu kila kartie ina kipande kama hicho: miti michache, mabenchi mawili ya saruji, njia ya mawe meusi ya volkano inayozunguka. Kuizunguka mara moja ni dakika tatu au nne. Na mtatucheka, lakini tutasema ukweli: tulibeba kidumu kitupu. Tuliona haya. Mwanamke anayepita barabarani bila mzigo kichwani, bila mtoto mgongoni, bila kikapu mkononi, watu wanamwuliza: «Mama, kuna msiba?» Kama hakuna msiba, basi ni mvivu, au ana mtu anayemfuata. Kidumu kilikuwa jibu letu kwa yeyote ambaye angeuliza. Tulizunguka na kidumu kitupu kwa siku tano, kama mtu anayetafuta bomba lililopotea.

Siku ya sita tulikiacha nyumbani. Mikono haikujua pa kwenda. Tuliifunga nyuma, tukaiweka mbele, mwishowe tukaiacha ining'inie. Tukagundua kwamba shingo yetu ilikuwa bado imekaza, kana kwamba beseni la karoti liko juu yake.

Hatutawadanganya kwamba tulipata amani mara moja. Wiki ya kwanza tulitembea tukihesabu madeni. Kila mzunguko una deni lake: la mwenye nyumba, la duka, la likirimba, la karo ambayo hatukujua kama itadaiwa. Wiki ya pili madeni yalikuwa yaleyale, lakini tulianza kuona vitu vingine. Nyiragongo ikiwa na wekundu wake kileleni kabla mwanga haujaufuta. Mzee mmoja anayefagia majani, ambaye alituinulia mkono kwa mbali, na sisi tukamwinulia, na hatukuwahi kuongea zaidi ya hapo. Ndege wengi, ambao labda walikuwapo siku zote na ni moto tu ziliwafunika kwa kelele.

Na tuliona uso wa mtoto wetu. Huo ulikuwa pale kila asubuhi, kwenye kona ya benchi la pili. Nyumbani tungeweza kuukwepa, maana nyumbani kuna sufuria, kuna mtoto mdogo, kuna maji ya kutafuta. Katika bustani hakuna pa kujificha. Mtu anayetembea peke yake anakutana na mambo yake.

Maneno yakaanza mtaani. Jirani mmoja alimwambia baba watoto kwamba mke wake anatoka alfajiri akiwa amejifunika uso. Sote tulikuwa tumejifunika uso, ilikuwa amri! Lakini mnajua jinsi neno linavyotembea kuliko miguu. Jioni baba watoto akauliza, mbele ya mama yake: «Mama watoto, asubuhi unaenda wapi?» Tukasema: «Ninazunguka bustani.» Akasema: «Unatafuta nini huko?» Hatukuwa na jibu. Cheti cha muuguzi tulikuwa nacho, lakini wakati ule hata hatukukikumbuka.

Ni mama mkwe aliyejibu. Alikuwa anachambua sombe, hakuinua kichwa. Akasema:

«Mwache. Mimi nilikuwa na shamba.»

Baba watoto hakuelewa. Sisi pia hatukuelewa mara moja. Mama mkwe akaendelea polepole: huko kijijini, alipokuwa kijana mwenye watoto sita, alitembea saa nzima kwenda shambani. Watu walisema ni kazi ngumu, na ilikuwa kazi ngumu. Lakini katika njia ile hakuna aliyemwita. Aliimba, alilia, aligombana na marehemu mama yake, alipanga maneno ya kumwambia mume. Alipofika shambani alikuwa ameshamaliza hasira, na jembe likapata nguvu iliyobaki. «Ninyi wa mjini,» akasema, «mna bomba karibu na soko karibu, lakini hamna njia. Hasira yote inakaa ndani ya nyumba pamoja na watoto.»

Tangu siku ile hakuna aliyeuliza tena. Na mama mkwe mwenyewe ndiye aliyeamka kuwasha makala wakati sisi tuko nje.

Wamama, tumelifikiria neno hilo kwa wiki nyingi. Tunapohesabu kile ambacho vita na kukimbia vijiji vimetunyang'anya, tunahesabu mashamba, mbuzi, nyumba. Hatuhesabu ile njia ya kwenda shambani. Lakini nayo ilikuwa mali ya mwanamke. Sisi tunaolundikana katika kartie za Goma tumeipoteza bila kuiaga. Corona ilipofunga mlango, ndipo tulipojua kwamba hatukuwa na pa kupumulia.

Sasa turudi kwa mtoto. Kuomba msamaha kwa mtoto si desturi yetu. Sisi hatukuombwa, na mama zetu hawakuombwa. Ilituchukua asubuhi tisa kutafuta maneno. Tuliyasema kwa sauti ndogo ndani ya kashene, tukizunguka miti, na kila mara yalitoka vibaya: ama tulijitetea, ama tulimlaumu tena juu ya unga. Siku ya kumi tulimkuta anachagua maharagwe uani. Tukakaa chini kando yake, tukachagua pamoja naye, kisha tukasema: «Siku ile ya unga, nilikosea. Hasira haikuwa yako.» Basi. Maneno yote yale ya asubuhi tisa yakawa hayo tu.

Aliendelea kuchagua. Baadaye akauliza: «Mama, huko bustani kuna nini?» Tukamwambia kuna miti na mzee anayefagia. Akasema: «Naweza kuja?» Hapo tulisita. Moyo wa mama unasema ndiyo kabla ya kufikiri. Lakini tulimwambia ukweli: «Siku za juma hiyo ni saa yangu. Jumamosi tutaenda wawili.» Hakukasirika. Tunafikiri alielewa kuliko baba yake. Na Jumamosi tunaenda kweli. Yeye anakimbia, sisi tunatembea.

Wiki iliyopita tulipimwa tena: 14 na nusu kwa 9. Bado iko juu kidogo. Muuguzi alifurahi, lakini ametuagiza tuendelee kupimwa. Wakati huo mpaka ulikuwa haujafunguliwa kwetu sisi wachuuzi. Deni la likirimba tumelipa nusu. Kwa hiyo msituelewe vibaya: kutembea hakuleti unga. Lakini tangu ule mwezi wa nne mwiko umebaki ndani ya sufuria.

Kwa mama anayetaka kujaribu, haya ndiyo tuliyojifunza:

Usitoke gizani. Mji wetu mnaujua. Subiri mwanga, na umwambie mtu mmoja nyumbani unaenda wapi na utarudi saa ngapi. Chagua mahali padogo panapoonekana na watu, ukapazunguke mara nyingi, kuliko kwenda mbali.

Nusu saa kwa siku tano inafanya dakika 150. Ndicho kiasi cha chini ambacho OMS inawashauri watu wazima kwa juma, kwa mwendo wa kuharakisha kidogo. Ukishindwa nusu saa, anza na dakika kumi. Kama unaumwa, una mimba kubwa, au umezaa juzi, uliza kwanza kituo cha afya. Na kama umepewa dawa za tansio, usiziache kwa sababu umeanza kutembea.

Kama una mtoto mdogo na hakuna wa kumwachia, fanya zamu na jirani. Yeye leo, wewe kesho. Mama wawili wa avenue yetu wameanza hivyo, na mmoja wao ni yule yule aliyepeleka maneno kwa baba watoto.

Usibebe kitu. Hata simu, ukiweza. Na kama haya yanakushika siku za kwanza, beba kidumu kitupu. Siku moja utakisahau.

Tena, ninyi wazee wa kike katika nyumba: mke wa mwana wenu akitoka asubuhi bila mzigo, kumbukeni njia zenu za shambani. Neno lenu moja linaweza kumfungulia mlango.

Vikundi vitakapokutana tena, tungependa kila kimoja kizungumze juu ya swali hili: katika siku yako, ni saa ngapi hakuna anayekuita? Mtuletee majibu kwa mama anayewagawia jarida, tutayachapisha bila majina.

Sisi kesho saa kumi na mbili kasoro tutakuwa kwenye mawe yetu meusi. Mbakie salama.